Vyombo vya Kale Vitafutiwe Kazi

Limezuka katika miji yetu jambo ambalo wazee wakilitazama hucheka kwa kificho. Kijana aliyeoa juzi, ambaye mamaye alimwita dalali akamtolea kasha la msaji kwa bei ya kulitupa, ili apate mahali pa kuweka makochi mapya ambayo nailoni yake haikuvuliwa mpaka yalipochakaa, kijana huyo huyo leo huzunguka maduka ya Gizenga mjini Unguja, au vichochoro vya Mji wa Kale wa Mombasa, akilitafuta kasha lile au nduguye, na alipatapo hulipa fedha ambazo mamaye akitajiwa hushika kichwa. Wala si watu wa pwani peke yao. Wako wa Nairobi na wa Dar es Salaam, waliopanga vyumba viwili vya ghorofani, ambao Jumamosi yao haipiti bila ya kupekua redio za mbao, vioo vyenye fremu za nakshi, saa za kutia ufunguo na meza ambazo rangi yake imekwisha kubanduka.

Wako wasemao kwamba haya ni mapenzi ya kuiga, yaliyoletwa na mahoteli na picha za wageni, na sehemu ya usemi huo ni kweli. Lakini mtu aliyepata kuingia katika nyumba ya kiungwana ya Lamu hawezi kuukubali wote. Nyumba hiyo ya karne ya 18, iliyojengwa kwa mawe ya matumbawe na chokaa, ilipangwa hivi kwamba kadiri mtu alivyozidi kuingia, akitoka dakani akapita tekani, akavuka kiwanda, yaani ua wa ndani, akapanda msana wa tini na msana wa yuu, ndivyo mapambo yalivyozidi, hata akifika ndani kwenyewe, yaliko makazi ya wenye nyumba, akakabiliwa na ukuta mzima wa zidaka, safu juu ya safu, zilizochongwa katika lipu ya chokaa kwa ustadi wa kumfanya mtazamaji adhani ukuta una kina kuliko ulio nacho. Na zidaka hizo hazikuwa tupu. Ndani yake vilipangwa vyombo vya sini vilivyovuka bahari kutoka Uchina, na bilauri, na vitu vya shaba, vingi vyake vikiwa vimepita mikono ya watu wawili watatu kabla ya kumfikia aliye navyo. Sayyid Abdalla bin Ali bin Nasir, alipotaka katika utenzi wa Al-Inkishafi kutuonyesha jinsi neema ya watu wa Pate ilivyoondoka, hakusahau kuzitaja zidaka zile za sahani, ambazo ndege wamekwisha kuzifanya malalo ya makinda yao.

Unguja nako mambo hayakuwa mbali na hayo. Sayyida Salme binti Said, aliyezaliwa huko mwaka 1844 na baadaye akaishi Ujerumani, katika kumbukumbu zake zilizochapwa mwaka 1886 alieleza kuta za vyumba vya kwao zilivyokuwa na vidaka vya kupangia vitu vya kioo na vya kaure, pamoja na saa na vioo vikubwa vya ukutani. Na msomaji wa maelezo hayo huona mara moja kwamba nyumba ya pwani ilipambwa kwa vitu vya kutoka pande zote za dunia, kila kimoja na asili yake, bila ya mtu kuona haya kuweka sahani ya Ulaya kando ya mrashi wa Uajemi. Mambo ya seti moja, ambamo kochi, meza, kabati na hata pazia vimetoka duka moja siku moja na rangi moja, ni ugeni wa juzijuzi. Na hata wafalme waliupenda ugeni huo kwa zamu yao: katika kasri la Beit al-Sahel, lililofanywa makumbusho mwaka 1994, vyombo vya msaji vilivyojaa nakshi viliwekwa chini ya dari moja na vyombo vya formaika vya miaka ya 1950, ambavyo siku hizo vilihesabiwa kuwa upeo wa ustaarabu.

Kwa hiyo sina ugomvi na mwenye kutafuta vyombo vya kale. Ugomvi wangu ni na yule anayevinunua kisha asivitafutie kazi. Zidaka za wazee zilikuwa za fahari, ndiyo, lakini fahari nayo ilikuwa kazi, kwani mgeni aliyekaribishwa hapo alitakiwa aisome hali ya nyumba kwa macho bila ya mwenyewe kufungua kinywa. Na mbali na fahari hiyo, mahali pa taa palikuwa pa taa na pa Msahafu palikuwa pa Msahafu. Chombo kilichowekwa tu, kisichofunguliwa wala kukaliwa wala kutiwa kitu, huwa ni mzigo wa kufutwa vumbi, na baada ya mwaka mwenye nyumba hukichukia.

Tulitazame kasha, maana ndilo litafutwalo zaidi. Makasha mengi yaitwayo ya Unguja hayakutengenezwa Unguja. Yalikuja na majahazi ya msimu kutoka Bara Hindi na Ghuba ya Uajemi, yakiwa yamesheheni nguo na mali za wasafiri, kisha yakabaki. Umbo lake ni la mbao nene za msaji au mti mwingine mgumu, mfuniko wake bapa, uso wake umepigwa vipande vya shaba vilivyotobolewa nakshi na misumari ya vichwa vya mviringo iliyopangwa safu na maua, na chini aghalabu mna saraka mbili au tatu zenye pete ndogo za kuvutia. Ukiufunua mfuniko, upande wa kushoto au wa kulia hukuta kisanduku chembamba chenye kifuniko chake, cha kuwekea manukato, hati na vito. Na katika baadhi ya makasha ukikitoa kibao cha kisanduku hicho kwa kukisukuma juu, nyuma yake hutokea saraka za siri ambazo mwenye kasha hakumwonyesha kila mtu. Harufu yake ya udi na karafuu huwa haijatoka mbaoni hata baada ya miaka ambayo hapana aliyetia ndani zaidi ya magazeti.

Sasa chombo cha namna hii wengi hukiweka mbele ya kochi, wakakitandikia kitambaa, wakaweka juu yake vikombe vya chai vya moto, na mfuniko haufunuliwi tena kwa kuwa kila siku una vitu juu. Mimi naona ni dhuluma. Kasha liwekwe miguuni pa kitanda, au ukutani penye njia, litiwe mashuka, vyandarua na nguo za sikukuu. Hapo litafunguliwa kila juma, bawaba zake hazitashika kutu, na hewa itaingia ndani, jambo ambalo ndilo dawa ya kwanza ya ukungu katika miji yetu yenye unyevu. Mwenye haja ya meza ya chai anunue meza.

Hapa inafaa kukumbuka kwamba vyombo vya kale vilizaliwa katika vyumba visivyofanana na vyetu. Dari za nyumba za mawe zilibebwa na boriti za mikoko, na kwa kuwa boriti hizo hazikufaa kuvuka upana wa kupita mita tatu hivi, vyumba vilikuwa vyembamba na virefu, vyenye dari za juu. Kitanda cha samadari, chenye nguzo nne na besera, kilikaa vizuri mwisho wa chumba cha namna hiyo, lakini kikiingizwa katika chumba cha kulala cha ghorofani chenye dari ya chini na feni katikati, nguzo zake zitagombana na feni, na fundi ataitwa azikate, na kitanda kilichokatwa nguzo si cha kale tena wala si kipya. Pima mlango, pima ngazi, pima dari kabla ya kwenda mnadani. Wengi wamelipa wachukuzi mara mbili, kwa kupandisha na kwa kuteremsha.

Sahani za ukutani ni mlango mwepesi zaidi kwa mwenye mfuko mdogo. Watu husema "sahani za Kichina" kwa kila kitu chenye maua, lakini nyingi katika zilizosalia majumbani ni za Ulaya za karne ya 19 na mwanzo wa karne ya 20, zilizochorwa maua na nyota kwa sifongo na brashi, rangi zake nyekundu, kijani na buluu zikiwa zimetiwa kwa haraka ya mkono uliokwisha zoea. Igeuze sahani usome mgongo wake. Mara kwa mara utaona muhuri wa Petrus Regout wa Maastricht, Uholanzi, wenye umbo la sphinx, maana kiwanda hicho kilipeleka mali nyingi katika masoko ya Mashariki, na ya pwani yetu yakiwamo. Ukipitisha kidole karibu na ukingo utahisi vinundu vitatu vidogo ambapo rangi ya kioo imekatika: hizo ni alama za vigingi vilivyozitenganisha sahani tanurini zisigandane. Sahani isiyo na alama yoyote, iliyo laini mgongoni kama yai, na bado mwuzaji akaapa kuwa ni ya bibi yake, ni haki yako kumwuliza bibi huyo alifariki lini.

Na kwamba vyombo hivi vilithaminiwa kupita matumizi ya mezani, ushahidi uko hata makaburini. Katika magofu ya Kunduchi, kaskazini ya Dar es Salaam, wazee walipachika bakuli za sini katika nguzo za makaburi yao, na nyingi zimekwisha kubanduliwa na watu wasio na soni, yakabaki matundu ya mviringo katika chokaa. Sitaki kudhani zilikwenda wapi, lakini mwenye kununua bakuli lenye chokaa kavu mgongoni na ajiulize.

Mitumba nayo ina fungu lake, ijapokuwa wapenzi wa vitu vya kale huidharau. Katika masoko kama Gikomba ya Nairobi, Kongowea ya Mombasa na Karume ya Dar es Salaam, chini ya marobota ya mashati mna mapazia mazito ya nchi za baridi, yaliyotiwa bitana na wakati mwingine kushonwa kwa mkono, ambayo kwa madirisha yetu ni adhabu, kwani huzuia upepo, lakini kwa foronya za mito ya sebuleni na kwa kuvisha viti upya hayana mfano. Kitambaa cha namna hiyo ukikinunua kipya dukani kwa mita, kochi litakuwa ghali kuliko chumba. Taulo na mashuka ya kitani hupatikana pia. Godoro na kiti kilichojazwa pamba usivilete nyumbani hata ukipewa bure, kwa sababu kunguni hawana ustahimilivu wa kubaki katika kitu kimoja. Na taa ya umeme ya zamani, iwe nzuri namna gani, fundi aitie waya mpya kabla ya kuchomekwa ukutani.

Cherehani ya kukanyaga ni mfano wa kitu kilichopoteza kazi kikapata nyingine pasipo kudhalilika. Mashine yenyewe ikiwa imekufa, miguu yake ya chuma cha kalibu, yenye jina la Singer lililosukwa katikati, hubeba kibao cha mvule au hata bamba la mawe, ikawa meza ya kuandikia au ya beseni la kunawia. Mashine ikiwa hai, mpe mshonaji.

Sasa ghiliba. Ambapo pana wanunuzi pana wazeeshaji, na vyombo vingi vinavyouzwa kwa jina la ukale vimetoka kwa seremala mwaka jana, vikapakwa chai nzito na dawa ya viatu, vikapigwa minyororo ili vipate makovu. Sina chuki na kazi mpya. Mafundi wa Lamu bado huchonga milango na viti kwa mikono, na kazi yao inunuliwe kwa jina lake na kwa bei yake. Lakini mwenye kutaka cha kale asitazame uso wa chombo, kwa kuwa uso ndipo alipofanyia kazi mdanganyifu. Avute saraka aigeuze: mbao ya chini ambayo haikutarajiwa kuonwa huwa na alama za randa ya mkono, na meno yaliyounganisha pembe hayalingani, moja nene na jingine jembamba. Atazame parafujo, ile yenye kichwa cha msalaba haikuwapo sokoni kabla ya miaka ya 1930, na ikiwa imekaza bawaba ya kasha la "zama za Sayyid Barghash", basi ama bawaba imebadilishwa ama kasha lina uongo. Meza ya duara ya zamani aipime kwa kamba pande mbili, kwani mbao hunywea upande mmoja zaidi ya mwingine na duara la kweli huwa limekwisha kuwa yai kidogo. Zaidi ya yote atafute uchakavu mahali panapostahili kuchakaa: mikononi mwa kiti, ukingoni mwa saraka, kwenye ubao wa chini ambapo nyayo hupumzika. Uchakavu uliotapakaa sawasawa kila mahali ni kazi ya msasa.

Nimefika penye jambo zito, nalo ni milango. Katika vitu vyote vya pwani vilivyotamaniwa na wapambaji, hapana kilichotamaniwa kama mlango wa nakshi, na miimo yake iliyochongwa minyororo, samaki na mayungiyungi, ambayo waongozaji wa watalii hutaja maana zake kwa yakini ambayo sijui wameitoa wapi. Hutamaniwa pia mfaa wake wa katikati na misumari yake mikubwa ya shaba. Nyumba nyingi za mawe ziliachwa na wenyewe, hasa Unguja baada ya Mapinduzi ya 1964, jamaa wengi walipoondoka, na nyumba isiyo na mwangalizi paa lake huvuja, boriti huoza, ukuta huanguka, na kinachosalia kizima ni mlango. Mlango huo ndio wa kwanza kuuzwa. Nimeiona milango iliyolazwa ikawekewa kioo juu, ikawa meza ya kulia chakula katika nyumba ambazo mlango wake wa mbele ni wa bati lililopakwa rangi ya mbao.

Sheria hazikulala katika jambo hili. Sheria ya Mambo ya Kale iliyotungwa mwaka 1964 kwa Tanzania Bara imeihesabu miongoni mwa vitu vilivyolindwa milango na miimo ya mbao iliyochongwa kwa mtindo wa Kiafrika au wa Mashariki kabla ya mwaka 1940. Kenya, katika sheria yake ya Makumbusho na Urithi ya mwaka 2006, imeweka mwaka 1946 kwa milango, na chombo kinginecho kilichotengenezwa au kuletwa nchini kabla ya mwaka 1895 kimehesabiwa kuwa cha kale, hakitoki nje bila ya kibali. Mji Mkongwe wa Zanzibar una mamlaka yake ya hifadhi tangu mwaka 1985, na uliingizwa katika orodha ya urithi wa dunia mwaka 2000, Lamu ikaufuata mwaka 2001. Ndugu zetu walioko Ughaibuni, ambao hupenda kurudi na kitu cha kwao, wayajue haya kabla ya kufika forodhani, na wayajue pia kuhusu kiti cha enzi, kile cha mpingo chenye mgongo wima na kalio la kamba, ambacho vipande vyeupe vilivyopachikwa mgongoni vikiwa pembe za ndovu, biashara yake ya kuvuka mipaka imefungwa na mkataba wa mataifa tangu mwaka 1990. Ama kuhusu mlango, maoni yangu hayahitaji sheria: mlango una kazi yake, na kazi hiyo iko ukutani ulikotoka. Aupendaye na ainunue nyumba, au achangie paa lake.

Kwa vile vilivyo halali, utunzaji ni rahisi kuliko watu wanavyodhani, na hasara nyingi huletwa na juhudi, si uvivu. Shaba husafishwa kwa ukwaju au ndimu yenye chumvi, kwa maana uchachu wake huyeyusha kutu ile ya kijani, kisha ioshwe vizuri na kukaushwa. Lakini shaba iliyopachikwa mbaoni isilowekwe, wala isisuguliwe mpaka nakshi zifutike. Mbao yenye vijitundu vinavyotoa unga ina dumuzi hai, itengwe na vyombo vingine mpaka ipate dawa. Chombo chenye rangi kuukuu kisipigwe msasa ndani ya nyumba yenye watoto, maana rangi nyingi za zamani zilikuwa na risasi. Na vanishi, hiyo vanishi ing'aayo ambayo mafundi wetu huipaka kila kitu kana kwamba wanalipwa kwa mng'aro, ikataliwe; msaji hutosheka na mafuta ya kitani yaliyopakwa kidogo kwa kitambaa, mara moja baada ya muda mrefu. Kovu la zamani liachwe.

Katika kupanga, chombo kimoja kikubwa cha kale kwa chumba kimoja kinatosha, na ukuta nyuma yake uwe mweupe. Wanaojaza huishia na duka la dalali lenye vitanda.

Jambo moja linanishinda kukubaliana na wapambaji wa siku hizi. Wameiona mbuzi ya kukunia nazi kuwa kitu cha sanaa, na kweli ni kizuri, kwa vile vibao vyake viwili hukunjika, na kalio lake limelainishwa na miaka ya wakunaji. Basi huinunua, huipaka mafuta, huitundika sebuleni kwa msumari, taa ndogo ikaiangaza kutoka juu. Niliisogelea moja ya namna hiyo katika nyumba ya watu niwapendao. Ulimi wake wa chuma ulikuwa mzima, una meno yote. Ilikuwa Ijumaa, tukapakuliwa wali mzuri kabisa, na nilipokwenda kunawa nikakuta kando ya sinki makopo mawili ya tui la dukani. Niliwaambia waziwazi, kwa kuwa tumezoeana, kwamba waiteremshe. Mume akacheka, mke akasema atakayeiteremsha ndiye atakayekuna.